Mgeni Anayekuja na Jembe: Adabu na Tija katika Kuchangia Programu Huria

Tuseme ipo programu huria ndogo ya kuhesabu maneno, na mtumiaji mmoja anagundua kwamba kila anapoandika “ng'ombe” inamhesabia maneno mawili, “ng” na “ombe”, kwa sababu inaichukulia ritifaa kuwa mpaka wa neno. Msimbo, yaani maandishi yanayoiambia programu la kufanya, uko wazi, leseni inamruhusu kuusoma na kuubadilisha, na mstari wenye kasoro anauona kwa macho yake. Anaufuta, programu inahesabu vizuri, naye anatuma ombi la kuunganisha badiliko lake na msimbo wa mradi. Siku mbili baadaye ombi linafungwa kwa jibu la sentensi moja: badiliko hili linaharibu hesabu ya Kifaransa. Mtumiaji anaudhika, na si ajabu akaenda kusimulia kwamba mradi ule unaringa na hautaki wageni.

Mfano huo ni wa kubuni, ila mvutano uliomo ndani yake unajulikana katika karibu kila mradi huria wenye watumiaji wengi kuliko wasimamizi wanaoutunza. Wapo wanaoshikilia kwamba mchangiaji anapaswa kuuliza kabla ya kuandika, kusoma miongozo ya mradi, kufuata mtindo wake wa uandishi na kusubiri zamu yake. Wapo pia wanaojibu kwamba masharti hayo yamegeuka kuwa uzio, na kwamba kinachostahili kupimwa ni kazi yenyewe. Hawa wa pili hupenda kuikumbuka kauli ya Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo endeshi wa kompyuta wa Linux, ya mwaka 2000, kwamba maneno hayagharimu kitu, mtu na aonyeshe msimbo.

Hoja ya wanaotaka uulize kwanza ina uzito kuliko wachangiaji wengi wanavyodhani, kwa sababu inahusu muda wa kusoma. Kuandika msimbo ni kazi ya saa chache, lakini kuusoma msimbo wa mtu mwingine kwa nia ya kuubeba kwa miaka mingi ijayo ni kazi ya namna nyingine kabisa. Msimamizi anayekubali badiliko huwa amekubali pia kulitetea, kulirekebisha pale maktaba nyingine, yaani msimbo wa wengine ambao programu inautegemea, inapobadilika, na kujibu maswali ya watu litakaowakwaza, wakati mwenye kulileta huenda hatarudi tena. Ombi lenye mistari 9 linaweza kusomwa kabla chai haijapoa. Ombi lenye mistari 1,400, ambamo mistari 9 ndiyo inayotibu kasoro na iliyobaki ni nafasi na mabano yaliyopangwa upya kwa sababu mchangiaji hakupendezwa na mpangilio wa zamani, linamlazimu msomaji kuitafuta ile 9 kama anayechambua mawe kwenye mchele, akihofia kwamba popote katikati ya mapambo kuna kitu kilichobadilika kimyakimya.

Wala hofu hiyo si ya bure. Kasoro ya usalama iliyopewa jina la Heartbleed, iliyotangazwa Aprili 2014, iliingia katika OpenSSL, maktaba ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, kupitia mchango wa mtu mwenye nia njema, ukapitiwa na mwenye mradi, ukapita. Ulikuwa umetolewa rasmi katika toleo la Machi 2012, kwa hiyo ulikaa miaka miwili hadharani huku sehemu kubwa ya tovuti salama za dunia zikiitegemea maktaba hiyo, ambayo nyuma yake walikuwepo watu wachache mno. Hakuna aliyekosa adabu pale. Kilichopungua ni macho yenye muda wa kutosha.

Ukishaelewa kwamba muda wa kusoma ndio bidhaa adimu, unaelewa pia kwa nini tukio la Oktoba 2020 liliwakera wasimamizi wengi kiasi kile. Kampuni ya DigitalOcean huendesha kila mwaka kampeni ya Hacktoberfest ya kuhamasisha michango kwa miradi huria, na mwaka huo waliotuma maombi manne walikuwa wanaahidiwa fulana. Yakamiminika maombi yaliyobadilisha neno moja katika faili la maelezo ya mradi au kuongeza sifa zisizo na maana, na ndani ya siku chache waandaaji wakabadili kanuni ili mradi ushiriki pale tu unapojiandikisha wenyewe. Siku hizi hata fulana haihitajiki, kwani akili mnemba inaweza kutunga kwa dakika moja ripoti ndefu, yenye vichwa vya habari na lugha ya kitaalamu, kuhusu udhaifu ambao haupo. Mradi wa curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, unaoongozwa na Daniel Stenberg, ulilemewa na ripoti za namna hiyo hadi mwanzoni mwa mwaka 2026 ukafunga mpango wake wa kuwalipa wagunduzi wa kasoro za usalama. Waliokuwa wakigundua kasoro za kweli nao wakaukosa ujira huo.

Lakini upande wa pili nao hauwezi kufukuzwa kwa mfano mmoja wa fulana. Neno “adabu” katika miradi hii limewahi kutumika kumaanisha kwamba mgeni avumilie ukali wa wenyeji bila wenyeji kudaiwa lolote. Torvalds mwenyewe, ambaye majibu yake ya matusi kwa wachangiaji yalikuwa gumzo kwa miaka mingi, aliomba radhi Septemba 2018, akajiweka kando kwa muda, na kipindi hichohicho mradi wa Linux ukapokea kanuni mpya za mwenendo. Walikuwepo waliolalamika kwamba ulaini ungeshusha ubora wa msimbo. Linux imeendelea kutoa toleo jipya kila baada ya wiki tisa au kumi, kama zamani, na mimi sijaona hoja ya kueleza ni kwa vipi tusi lingeufanya mstari wa msimbo kuwa sahihi zaidi.

Lipo pia tatizo la masharti yasiyoandikwa. Mgeni huambiwa aulize kwanza. Anauliza, na swali lake linakaa miezi minne bila jibu. Huambiwa afuate desturi za mradi, kumbe desturi hizo zimo vichwani mwa watu watatu waliofahamiana miaka kumi. Katika hali hiyo shauri la “leta msimbo” ndilo lenye heshima zaidi, walau kwa mabadiliko madogo, kwa sababu kiraka, yaani badiliko la msimbo lililo tayari kuunganishwa, cha mistari 9 ni swali lililokuja na ushahidi wake: msimamizi haombwi kuwazia jambo la kufikirika, anaonyeshwa kitu ambacho anaweza kukubali au kukataa kwa mtazamo mmoja. Kwa jambo kubwa, kama vile kubadilisha namna programu inavyohifadhi data, kuanza kuandika bila kuuliza ni kujitafutia huzuni, maana hata kazi ikiwa safi inaweza kugongana na mpango ambao mchangiaji haujui.

Hapa niseme neno la kuusifu mradi wa SQLite, hifadhidata iliyomo ndani ya simu nyingi, ambao msimbo wake ni mali ya umma lakini wenyewe wametangaza wazi kwamba hawapokei msimbo kutoka nje. Wengine huiona hiyo kuwa choyo. Kwangu mlango uliofungwa na kuandikwa “umefungwa” unamheshimu mgeni kuliko mlango ulio wazi wa nyumba isiyo na mtu wa kuitikia hodi.

Mjadala wote huu huchukulia kwamba mchangiaji mwenye adabu ndiye mwema na mkali ndiye mbaya, na tukio la xz liliivunja dhana hiyo. Xz ni programu ya kubana data inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2021 alijitokeza mchangiaji aliyejiita Jia Tan, akawa anatuma viraka vya manufaa, kwa upole na kwa kufuata taratibu. Mwaka 2022 zilitokea akaunti nyingine zilizomsukuma msimamizi kwa maneno ya kuchoma kwamba anachelewesha kazi na anapaswa kuongeza mtu. Naye akajibu kwamba hiyo ni kazi ya kujitolea isiyo na malipo. Hatimaye Jia Tan alipewa mamlaka, na mapema mwaka 2024 matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kumwingiza mvamizi. Aliyelifichua jambo hilo, tarehe 29 Machi 2024, ni mhandisi Andres Freund, aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye mashine kwa mbali kunachelewa takriban nusu sekunde.

Tukio hilo kila upande unaweza kulivuta kwake. Anayedai kwamba wachangiaji huwachosha wasimamizi ataonyesha zile akaunti zilizomshinikiza mtu mmoja hadi akalegea. Anayedai kwamba adabu za nje hazina thamani ataonyesha kwamba mhalifu ndiye aliyekuwa mpole kuliko wote. Ninavyoliona mimi, jambo la kuzingatia zaidi ni mahali mlango ule ulipofichwa: ndani ya mafaili ya majaribio yaliyo katika umbo lisilosomeka na binadamu, huku hatua ya kuuwasha ikiwa katika kifurushi cha toleo na haimo katika hazina ya msimbo ambayo kila mtu anaiona. Yaani upole ulikuwepo, utaratibu ulikuwepo, ila pale penye kazi yenyewe palikuwa na kitu ambacho mtu hangeweza kukikagua kwa urahisi. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota nao walijulikana kuwa walituma kwa Linux viraka vyenye kasoro za makusudi ili kupima kama vitanaswa. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu wa Linux, akasimamisha michango ya chuo kizima, na mamia ya viraka vya zamani kutoka hapo vikapitiwa upya, vingi vikaonekana kuwa sawa. Saa zilizotumika kuvipitia zilitoka kwa watu ambao hawakuulizwa kama wanataka kuwa sehemu ya utafiti.

Kwa hiyo napima adabu ya mchangiaji kwa swali moja tu: amerahisisha kiasi gani kazi yake ikaguliwe, na hata ikataliwe? Salamu ndefu na shukrani nyingi hazipunguzi hata dakika moja ya kusoma. Turudi kwa ng'ombe wetu. Ripoti inayosema “programu yenu haihesabu vizuri” inamwachia msimamizi kazi yote. Ripoti inayotaja toleo la programu, inayoweka neno lililoingizwa, matokeo yaliyotoka na matokeo yaliyotarajiwa, kisha ikaongeza kwamba kasoro inatokea kwa ritifaa iliyonyooka na pia kwa ile iliyopinda ambayo simu nyingi huiweka zenyewe, imeshafanya nusu ya matibabu. Na kama mtumiaji angesoma historia ya ule mstari kabla ya kuufuta, huenda angekuta uliwekwa kwa makusudi na mtu aliyekuwa akishughulikia Kifaransa, ambamo “l'homme” ni maneno mawili, naye angejua kwamba anachokiona kama kosa ni jibu sahihi la swali la lugha nyingine. Swali lake basi lingekuwa zuri zaidi: je, mradi unapendelea kanuni moja kwa lugha zote, au mtumiaji achague lugha?

Kiraka kitakachofuata swali hilo kina mistari michache, kinagusa jambo moja, kina jaribio moja la Kiswahili na moja la Kifaransa, na maelezo yake yanasema kwa nini badiliko linahitajika badala ya kurudia kilichofanyika. Kama kuna sehemu iliyoandikwa kwa msaada wa akili mnemba, mchangiaji analisema hilo na anaweza kuueleza kila mstari akiulizwa. Hayo si masharti ya kumwonea mgeni, na aliye mgeni kabisa anayaweza kama mkongwe.

Nao upande wa wenyeji una deni lake. Jibu la “linaharibu Kifaransa” ni la kweli lakini ni fupi mno. Mstari wa pili, wenye mfano wa “l'homme”, ungemgharimu msimamizi sekunde thelathini na pengine ungemrudisha mchangiaji akiwa na kiraka bora. Hapo natofautiana na wanaosema kwamba msimamizi wa kujitolea hadaiwi chochote. Hadaiwi kukubali, hadaiwi kuharakisha, ila akishafungua mlango wa michango anadaiwa sababu, hata kama ni “sitaki kuitunza sehemu hii”. Mchangiaji naye anapokosa jibu ana haki ya kukumbusha mara moja, kwa ufupi, baada ya wiki mbili au tatu. Kukumbusha kila siku ni ule msukumo uliomchosha msimamizi wa xz.

Na jibu likiwa hapana, au lisipokuja kabisa, leseni bado ipo. Uhuru unaotajwa katika programu huria ni wa kutumia, kusoma, kubadilisha na kusambaza. Hakuna leseni inayomlazimisha mtu kuunganisha kazi ya mwingine na yake. Mtumiaji wetu anaweza kutengeneza nakala yake ya mradi, akaweka humo kiraka chake pamoja na yale majaribio mawili, na kuacha kiungo chake chini ya ripoti iliyofungwa, ili mtu mwingine atakayehesabiwa ng'ombe mmoja mara mbili akikute.