Bakteria hai au mzoga? Vitambuzi vinavyong'aa na ufuatiliaji wa TB Kanda ya Ziwa

Mgonjwa wa kifua kikuu akifika mwisho wa mwezi wa pili wa dawa, hutakiwa kuleta kohozi tena. Slaidi ikitoka chanya, maswali huanza kliniki: dawa hazifanyi kazi, mgonjwa hamezi, au kinachoonekana ni mizoga ya bakteria tu?

Vipimo vilivyozoeleka havijibu swali hilo. Auramini, rangi inayong'aa ya kupaka slaidi, hunata kwenye ukuta wenye nta wa bakteria, awe hai au amekufa. Mashine ya GeneXpert husoma DNA, na DNA ya bakteria waliokufa huendelea kutoka kwenye kohozi kwa wiki kadhaa hata miezi, ndiyo maana mashine hiyo haitumiki kufuatilia matibabu. Kuotesha kunajibu, lakini sampuli hasi hutangazwa baada ya siku 42 kwenye MGIT (mirija ya lishe ya maji) au wiki 8 kwenye Lowenstein-Jensen (lishe ngumu). Kwa mwezi wa pili, jibu hilo linafika mgonjwa akiwa tayari ameingia mwezi wa nne.

Wanaotetea vitambuzi vinavyowashwa na vimeng'enya, yaani kemikali zinazong'aa pale bakteria hai anapozitumia, wanaanzia hapo. Kinachotajwa zaidi ni DMN-Tre, kilichotangazwa mwaka 2018 na kundi la Carolyn Bertozzi wa Stanford, kazi iliyoongozwa na Mireille Kamariza, mzaliwa wa Burundi. Ni sukari ya trehalosi iliyofungwa na rangi ambayo majini karibu haionekani. Vimeng'enya vya bakteria vya kundi la Ag85 huipokea kama trehalosi ya kawaida, huipachika asidi ya mikoli (mafuta ya ukuta wa bakteria), na sukari inaingizwa kwenye utando wa nje. Utando huo una mafuta, na rangi ikikaa kwenye mafuta mng'ao wake hupanda zaidi ya mara 700. Hakuna haja ya kuosha slaidi, kwa sababu rangi iliyobaki majini imezima. Bakteria waliouawa kwa joto hawawaki, na waliokaa na dawa za TB mng'ao wao hupungua, jambo ambalo auramini haikulionyesha.

Kwa kugundua TB kwa mgonjwa mpya, hata hivyo, hoja hiyo haitoshi. Hadubini, uitie rangi yoyote, inahitaji takriban bakteria 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya kohozi ili uone kitu. Xpert Ultra, kipimo cha mashine ya GeneXpert, inashuka hadi karibu 16, tena inakwambia kama bakteria ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Isitoshe DMN-Tre huwasha mykobakteria wote (ukoo wa bakteria wa TB) na ndugu zao wa kundi la korinebakteria, wakiwemo wale wa mazingira wanaoishi kwenye mabomba. Ukichanganya kitendanishi kwa maji ya bomba, hata yaliyotibiwa vizuri kwenye mtambo wa Capri Point jijini Mwanza, unaweza kuhesabu wakazi wa bomba ukidhani ni wa mgonjwa. Maji yawe yamechujwa kwa kichujio cha mikromita 0.2. Kwa hiyo mtu asiahidiwe kwamba kitambuzi hiki kitachukua nafasi ya GeneXpert kwenye hospitali ya wilaya. Hakitachukua.

Ugumu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, unatokana na sifa ile ile inayokipa thamani: kinahitaji bakteria hai. Slaidi ya auramini hukaushwa kwa moto kwanza, kisha rangi ya 0.1% kwa dakika 20, asidi-alkoholi 0.5% kwa dakika 3, na pamanganeti 0.5% kwa dakika moja (ukizidisha hapo, bakteria wanafifia na utasoma hasi). Hatari kubwa iko kwenye kupaka kohozi tu. DMN-Tre inakutaka uweke kohozi lenye TB hai kwenye nyuzi 37 pamoja na kitambuzi, kisha ulishughulikie bado likiwa hai. Kazi hiyo haifanyiki juu ya meza karibu na dirisha. Inataka kabati la usalama wa kibayolojia la daraja la pili, na zahanati nyingi za visiwani hazina.

Halafu kuna safari. Kohozi la kisiwa cha Ukara huvuka maji mara mbili kabla ya kufika jijini Mwanza: kwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kisha kutoka bandari yake ya Nansio. Likikaa juani kwenye gati, TB wanakufa na bakteria wengine wanazaana. Auramini ingesema chanya vilevile. Kitambuzi kitasema hasi, na daktari ataamini dawa imefanya kazi kumbe ni jua. Boksi la baridi la nyuzi 2 hadi 8, muda wa kukohoa na muda wa kupokelewa vikiandikwa kwenye fomu, ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Maabara nayo inaweza kuua. Kusafisha kohozi kwa NALC (kemikali ya kulainisha kohozi) na sodiamu haidroksaidi kunapaswa kuishia kwenye sodiamu haidroksaidi ya 1% na dakika 15, kisha bafa ya fosfati ya pH 6.8 ijazwe hadi mililita 50 na kuzungushwa kwa 3,000 g. Fundi akiitwa kwenye simu na dakika zikafika 30, sampuli imeharibika na hakuna kitakachoonyesha hivyo.

Lipo pia swali la bakteria waliolala. Asiyewaka si lazima awe amekufa. Huenda amepunguza tu kazi ya vimeng'enya vyake. Na dawa zinazoshambulia ukuta wenyewe, kama isoniazidi na ethambutoli, zinaweza kuzima mng'ao kabla ya kuua. Hasi ya kitambuzi haitoshi kumwandikia mtu "amepona".

Kabla ya kununua kitu kipya, ipo fluoresini diasetati, rangi ya zamani na ya bei nafuu. Esterasi, vimeng'enya vya seli hai, huikata, fluoresini inabaki ndani ikiwaka kijani. Huko Bangladesh rangi hii imetumika kuwatambua mapema wagonjwa ambao dawa hazikuwafaa. Kasoro zake ni za wazi: esterasi ziko kila mahali, hata kwenye chembe nyeupe za damu, na majini huvunjika yenyewe, hivyo stoki ya asetoni hukaa kwenye friza gizani na kuyeyushwa siku ya kazi tu.

Ningeanza na maabara moja ya Mwanza yenye kabati na vifaa vya kuotesha, kwa sampuli za mwezi wa pili na wa tano ambazo auramini imesoma chanya, kohozi lile lile likigawanywa kati ya fluoresini diasetati, DMN-Tre na MGIT. Kila mzunguko uwe na mirija miwili ya ulinganisho: bakteria waliochemshwa, ambao hawapaswi kuwaka, na walio hai waliowekewa trehalosi ya kawaida kwa wingi, ambao mng'ao wao unapaswa kushuka. Usiposhuka, rangi imenata bila kupitia kimeng'enya na matokeo ya siku hiyo yafutwe.

Hadubini nayo iangaliwe mapema. Taa nyingi za LED za kusomea auramini hutoa mwanga wa buluu wa karibu nanomita 455, wakati DMN, rangi iliyo kwenye DMN-Tre, hunyonya vizuri zaidi chini ya hapo, kwa hiyo mng'ao utakuwa hafifu. Kundi lile lile la watafiti lilitoa baadaye toleo linalong'aa zaidi, 3HC-3-Tre. Nalo lipimwe kwa taa zilizopo kabla ya kuagizwa.