Kisima kisicho na E. coli bado kinaweza kuwa na virusi

Masika ikiingia Dar es Salaam, maswali kuhusu maji ya visima huongezeka. Maabara hujibu kwa kutafuta E. coli, bakteria wa utumbo wanaoashiria kinyesi; wasipoonekana, maji huhesabiwa kuwa salama. Pendekezo la kupima pia virusi vidogo vinavyowashambulia bakteria hao huonekana anasa ya watafiti, na hapo naona halitendewi haki.

Chukua MS2, kimojawapo cha virusi hivyo. Kipenyo chake ni takriban nanomita 27, na RNA yake, yaani maelekezo yake ya urithi, ina herufi 3,569 tu, ambazo Walter Fiers na wenzake wa Ghent, Ubelgiji, walimaliza kuzisoma mwaka 1976. Hakimdhuru binadamu, ila ukubwa wake unakaribiana na wa virusi vya polio na homa ya ini A. E. coli ana urefu wa nanomita 1,000 hadi 2,000.

Tofauti hiyo ina uzito Mbagala au Manzese, ambako kiwanja ni kidogo, choo cha shimo na kisima vinapakana, na mvua hupandisha maji ya ardhini hadi karibu na shimo. Mchanga unaweza kumnasa bakteria na kuachia kirusi kipite. Klorini nayo humuua E. coli upesi kuliko virusi vingi vya tumboni. Hivyo majibu yanaweza kutoka safi, mama akaacha kuchemsha, na mtoto akaharisha kwa maji yale yale yaliyopimwa. Kwangu hilo ni baya kuliko kutopima kabisa, kwa sababu asiyepima angalau anaendelea kuchemsha.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine ya vinasaba. Maji huchanganywa na bakteria hai na agari laini (rojo ya kukuzia bakteria), humiminwa kwenye kisahani na kulazwa kwenye joto la nyuzi 37. Kesho yake, kila kirusi kilipoanzia huonekana doa angavu katikati ya utando wa bakteria.

Wanaopinga wana hoja: si kila mtu hubeba virusi jamii ya MS2, kwa hiyo kisima kinachochafuliwa na choo cha kaya moja kinaweza kukosa dalili. Tena bajeti ni finyu, na E. coli hupimika kirahisi. Nakubali. Hata hivyo Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya maji ya mwaka 2020, uliviweka virusi vya E. coli kwenye tathmini ya maji ghafi, yaani yasiyosafishwa bado, kiwango cha rejea kikiwa virusi 50 kwa mililita 100. Hapa tungeanza na visima virefu vinavyojaza maboza, maana kimoja hunywesha mitaa kadhaa.