Bahari Yetu Ilipotelea Diu

Nimechoka kusikia kwamba Wareno waliitwaa bahari yetu kwa Ngome ya Yesu. Ngome ile ilianza kujengwa 1593. Bahari ilikuwa imeshatutoka zaidi ya miaka 80 kabla, na haikutokea Mombasa. Ilitutoka Diu, pwani ya Gujarat huko India, katika vita vya majini vya tarehe 3 Februari 1509.

Jina la Francisco de Almeida, mwakilishi wa mfalme wa Ureno huko India, pekee lingetosha kutufanya tuijali siku hiyo. Ndiye aliyeipora Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505. Akaingia Diu na merikebu zipatazo 18, na kisasi moyoni: mwanawe Lourenço alikuwa ameuawa Chaul, bandari ya India, mwaka 1508, na Wamamluki, watawala wa Misri, chini ya Amir Husain, pamoja na watu wa Gujarat. Calicut, mji mwingine wa pwani ya India, nayo ilileta Diu vyombo vyake upande wa Wamamluki.

Mizinga ya Wareno ilikuwa bora, hilo nalikubali. Lakini wanaoishia hapo wanaruka sehemu inayouma. Misri haina miti ya kujengea manowari. Mbao zilitoka ng'ambo ya Mediterania, zikabebwa nchi kavu hadi Suez. Baada ya taabu yote hiyo, Amir Husain akatia nanga bandarini akimngoja adui, akitegemea mizinga ya ufukweni. Mwenye merikebu nzito akaachiwa achague saa ya kuingia na chombo cha kuanza nacho! Na Malik Ayyaz, gavana wa Diu, tayari alikuwa akiandikiana na Almeida juu ya mateka Wareno waliokamatwa Chaul. Aliogopa mji wake usiungue, na baada ya Mombasa hofu hiyo naielewa. Kumsamehe siwezi. Vita vilipokwisha akawarudisha mateka, akafanya suluhu. Waliokuja kupigana kando yake walikuwa wameshakufa maji.

Wamamluki hawakurudi tena India na manowari; mwaka 1517 dola lao lenyewe likaangukia kwa Waturuki. Wareno wakaitwaa Goa ya India 1510, na Malaka, bandari ya Rasi ya Malay, 1511.

Kabla ya Wareno, nahodha wa Mombasa aendaye Gujarat alingoja kusi. Ushuru alilipa bandarini, maharamia aliwaogopa, lakini hakuna sultani aliyedai kwamba maji yenyewe ni yake. Wareno walidai. Walitoa hati, cartaz, ya kununuliwa kabla ya safari, na chombo kisichokuwa nayo kilikamatwa na shehena yake. Baada ya Diu, nani angewapinga? Huo ndio utawala wa bahari: mwenzako kukuomba ruhusa ya kupita njia aliyopita babu yake.

Wapo wanaosema Wareno hawakuwahi kuifunga bahari yote. Kweli, pilipili ilirudi kupita Bahari ya Shamu, nje ya mikono yao, kabla karne ile haijaisha. Lakini Waomani waliwatoa Wareno Mombasa mwaka 1698. Hesabuni wenyewe ni vizazi vingapi vya manahodha wetu vilivyosafiri chini ya hati ya mtu mwingine, kisha mniambie kwa nini Diu haimo katika masomo ya watoto wetu.