Tuambiwe kirusi kinapita wapi

Tangu tarehe 13 Machi 2020, siku Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya, tulipewa amri nyingi na maelezo kiduchu. Nawa mikono. Vaa barakoa. Kaa mbali na mwenzio. Amri zilikuwa sawa, lakini mtu mzima akiamrishwa bila kuelezwa sababu hutii mbele ya askari, kisha akageuka. Na sababu ilikuwepo, tena si ngumu.

Kirusi cha korona hakiwezi kuzaana chenyewe. Lazima kiingie ndani ya seli hai, na seli haiingiliki ovyo. Juu yake kuna protini zenye kazi zake mwilini, na kirusi hutafuta mojawapo kinayoweza kuishika. Protini hiyo ndiyo huitwa kipokezi. Kirusi kilicholeta janga lile hushika kipokezi kiitwacho ACE2, kile kile ambacho wanasayansi walikitambua mwaka 2003 walipokuwa wakichunguza kirusi cha SARS, jamaa yake wa karibu. Miiba iliyozunguka kirusi hunasa hapo. Kisha kimeng'enya cha seli yetu wenyewe, TMPRSS2, huukata mwiba, nao hubadilika umbo na kuuvuta utando wa kirusi hadi uungane na utando wa seli. Maelekezo ya kutengeneza virusi vipya humwagika ndani, na seli huyatekeleza kana kwamba ni yake.

ACE2 iko wapi? Mapafuni, utumboni, kwenye figo na moyo, na kwa wingi puani. Hapo ndipo ninaposikitika. Ni abiria wangapi wa matatu walivaa barakoa mdomoni huku pua iko nje, wakiamini wametimiza sheria? Waliifunika sehemu moja wakaiacha ile ambayo kirusi hupata makao kwa urahisi kabisa. Mikono nayo tuliambiwa tuioshe, lakini ni wachache walioambiwa kwamba kirusi hakipenyi ngozi ya kiganja. Hatari ni kile kiganja kinapofikishwa puani au machoni. Sentensi mbili tu redioni zingetosha.

Ukimya huo ulizaa uvumi, na uvumi ulioniuma zaidi ni wa dawa za presha. Kwa kuwa ACE2 inahusika na kushusha shinikizo la damu, na baadhi ya dawa za presha huzuia kimeng'enya cha jina linalokaribiana nalo, ACE, au kazi ya homoni kinayoitengeneza, watu walianza kunong'ona kwamba enalapril na losartan zinamfungulia korona mlango. Shangazi yangu huko Kayole aliziweka kando vidonge vyake. Dawa hizo hazizuii ACE2, na siku ile ile Kagwe aliyotoa tangazo lake, madaktari wa moyo wa Ulaya walikuwa wamehimiza wagonjwa waendelee kuzimeza. Habari hiyo haikumfikia shangazi kwa Kiswahili. Presha isiyotibiwa huua bila kusubiri korona.

Lakini kipokezi pekee hakitoshi kueleza ukali wa ugonjwa. Kuna kirusi kingine cha korona, NL63, kinachotumia ACE2 hiyo hiyo, na kwa wengi huleta mafua tu. Jamaa zake wamepatikana kwa popo wa hapa Kenya, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2017.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni MERS, kirusi kingine tena cha korona kinachokaa kwa ngamia, maana hiki kiko karibu nasi. Kiligunduliwa mwaka 2012 Saudi Arabia, na zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa waliothibitishwa wamekufa. Kipokezi chake ni DPP4, kilichotambuliwa mwaka 2013. Kwa ngamia, DPP4 imejaa puani, ndiyo maana wao huambukizana kwa urahisi na kuugua mafua mepesi. Kwa binadamu iko zaidi chini kabisa mapafuni, kwa hiyo kirusi hakituingii kwa urahisi wala hakitoki kwa mtu hadi mtu haraka, lakini kikifika huko chini huleta balaa. Ngamia wa Kenya wamekutwa na kinga dhidi ya kirusi hiki hata katika sampuli za damu za mwaka 1992.

Mfugaji wa Marsabit au Isiolo anastahili kuelezwa hivi hivi, kwa lugha anayoongea nyumbani: kamasi za ngamia ndizo za kuchunga, hasa za ndama, na mikono ioshwe kabla haijagusa uso. Nasi tunaonunua maziwa ya ngamia Eastleigh tuelezwe pia. Yakichemshwa, kirusi kinakufa. Mabichi, hapana.