Sakafu ya mbao za matabaka jikoni: tazama kwanza unavyodeki

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam au Nairobi kutafuta sakafu, haichukui muda kuonyeshwa mbao za matabaka na kuambiwa kwamba zinafaa hadi jikoni. Mafundi wengi hawakubali: kwao mbao na maji haviivi chungu kimoja. Kila upande una hoja ya haki. Ila naona wote wanabishania ubao, wakati mambo mawili yanayoamua ni namna jiko linavyosafishwa na hali ya zege lililo chini.

Mbao hizi zisichanganywe na laminate. Laminate ni picha ya mbao iliyochapwa kwenye karatasi, ikabandikwa juu ya ubao wa unga wa miti ulioshindiliwa. Ubao wa matabaka, juu yake ni mti wenyewe, mara nyingi mwaloni, wenye unene wa milimita 2 hadi 6, uliogundishwa juu ya plaiwudi. Nyuzi za kila tabaka la plaiwudi hulazwa kukatisha za tabaka linalofuata, hivyo tabaka moja likitaka kutanuka jingine hulizuia. Kwa sababu hiyo haupindi upesi kama ubao mzima wa mti mmoja. Pwani, ambako unyevu wa hewa huwa juu ya asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, faida hiyo si ndogo.

Lakini kuhimili unyevu wa hewa ni jambo moja, kuhimili maji yaliyotuama ni jingine kabisa. Maji hupenya kwenye maungio, kingo zikavimba na kunyanyuka, na ubao uliokwisha kunyanyuka hivyo mara nyingi haurudi ulivyokuwa. Mwaloni una tatizo lake jingine: una tanini, kemikali ya asili ya mti, na tanini ikikutana na chuma penye maji huacha doa jeusi. Mtungi wa gesi wenye kutu kitakoni, ukikaa juu ya mwaloni uliolowa, utachora duara ambalo sabuni haiwezi kulitoa.

Sasa tutazame jiko letu linavyoishi. Katika nyumba nyingi deki maana yake ni ndoo ya maji ya sabuni, maji yamwagwe, yasuguliwe, yasukumwe hadi mlangoni. Samaki anaparuliwa magamba, nazi inakunwa, ndoo ya maji ya akiba imesimama pembeni, na huenda jiko la mkaa linaletwa ndani mvua inaponyesha. Sakafu ya mbao inataka kitambaa kilichokamuliwa vizuri, na maji yaliyomwagika yafutwe papo hapo. Na mara nyingi anayechagua sakafu siye anayeideki. Dada anayesaidia kazi za nyumbani ataachiwa kitu kinachoharibika kwa njia ileile aliyofundishwa kuwa ndiyo usafi, kisha lawama zimwangukie yeye. Hilo naliona si haki. Aulizwe kabla ya fedha kutoka.

Hata hivyo wanaozitetea mbao hawasemi ovyo. Marumaru ngumu za porcelain hufyonza maji chini ya asilimia 0.5, lakini mafuta yakidondoka huteleza, glasi ikianguka haiponi, na miguu ya mtu aliyesimama saa nyingi akipika huchoka. Njombe au Limuru mwezi wa Julai, kukanyaga marumaru alfajiri ni adhabu. Dar es Salaam ubaridi huohuo ni neema. Tena ubao wenye tabaka la juu la milimita 4 unaweza kupigwa msasa na kupakwa vanishi upya, pengine mara mbili. Wenye milimita 2 usiutegemee kwa hilo. Muulize muuzaji unene wa tabaka hilo kabla hujauliza rangi. Nami ningefurahi kuona msaji (mtiki) wa mashamba ya miti ya Longuza na Mtibwa nchini Tanzania, mti wenye mafuta ya asili unaostahimili maji kuliko mwaloni, ukitumika zaidi kwa kazi hii.

Mbao za plastiki na unga wa mawe, zile za SPC, zinaziba pengo kwa anayetaka sura ya mbao bila hofu ya maji. Zikichakaa hazipigwi msasa, zinang'olewa.

Kwa hiyo, kwa nyumba ya ghorofani Arusha au Nairobi, inayopikia gesi na kufuta kwa kitambaa, mbao ningeziweka, nikiacha nafasi ya milimita 10 au zaidi kando ya kuta ili zipate pa kutanukia, na eneo la sinki ningelipa marumaru. Kwa nyumba ya chini jijini Dar es Salaam inayodekiwa kwa ndoo, ningezipeleka sebuleni.

Hata sebuleni, jamvi, yaani zege la sakafu lililo chini ya mbao, ndilo la kuchungwa. Siku 28 ambazo mafundi huhesabu ni za zege kupata nguvu, wala hazihusu kukauka. Kwa makadirio ya kawaida ya ujenzi, zege hukauka milimita 1 kwa siku kwa milimita 50 za kwanza, kisha hupunguza mwendo, kwa hiyo jamvi la milimita 100 linahitaji miezi. Kama halikutandikwa nailoni ya kuzuia unyevu chini yake, ardhi italilowesha daima. Fundi akisema limekauka kwa kulitazama tu, bandika kipande cha nailoni sakafuni, ziba kingo zote kwa utepe, uache hadi kesho yake. Ukikuta matone ndani yake au zege limekuwa jeusi, mbao zibaki stoo.