Reli ya Mjerumani, Reli ya Umeme, na Abiria wa Godegode

Tangu Agosti 1, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua rasmi safari za treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, kuna hoja ambayo haikosi kuzuka hapa mjini Dodoma kila wanapokutana watu waliolelewa kwenye kota za reli. Wengine wanasema treni ya abiria ya reli ya zamani imekwisha kazi yake na njia ile iachiwe mizigo peke yake. Wengine, na wengi wao ni wazee, wanaona kwamba kuiondoa ni kuwafuta watu ambao reli mpya haiwaoni. Nimezaliwa katika familia ya upande wa pili, lakini kadiri ninavyozipima kumbukumbu za watu wangu ndivyo ninavyoona kwamba hazisemi yale tunayozisemesha.

Kwanza tuipe reli mpya haki yake. Umbali wa Dar es Salaam hadi Dodoma ni takriban kilomita 460, na treni ya umeme, inayoweza kufikia kasi ya kilomita 160 kwa saa, inaumaliza kwa muda usiozidi sana saa tatu na nusu au nne. Nauli ya daraja la kawaida ilipopangwa mwaka 2024 ilikuwa shilingi 31,000. Treni ya zamani iliondoka Dar es Salaam jioni ikaingia Dodoma asubuhi ya siku ya pili, na hiyo ni pale ambapo mambo yamekwenda sawa. Mgonjwa anayepelekwa Muhimbili au mtumishi aliyehamishiwa makao makuu huku familia yake ikibaki Dar es Salaam hana sababu ya kuililia treni ya usiku, na anayemtaka ailie anamtakia mateso.

Hata hivyo, kasi ni kipimo kimoja tu, tena kipimo cha mtu anayetoka mwanzo wa njia na kwenda mwisho wake. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907, wakapita Ugogo, nchi ya Wagogo wa huku Dodoma, na kuingia Tabora mwaka 1912, hadi kufika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Haikuwa reli ya kuwahudumia Wagogo. Ilikuwa njia ya kuyavuta mazao ya bara kwenda bandarini na kupeleka askari upesi kule ambako utawala ulikuwa na wasiwasi, lakini kila ilipopita ilipanga upya ramani ya watu. Mpwapwa, mji uliokuwa kituo kikubwa cha misafara tangu karne ya 19, uliachwa kando kwa sababu njia ilifuata bonde la Mkondoa na kupitia Gulwe. Kilimatinde, palipokuwa na boma la Wajerumani, pakapoteza nafasi yake, na Manyoni, iliyoko kwenye reli, ikawa ndiyo mji. Dodoma yenyewe ni zao la uamuzi huohuo: bila stesheni, sidhani kama mwaka 1973 mtu yeyote angeitaja kuwa inafaa kuwa makao makuu ya nchi. Kwa hiyo anayesema kwamba kubadilisha reli ni jambo la ufundi tu amesahau jinsi mji anaoishi ulivyopatikana.

Nyumbani kwetu reli ilikumbukwa kwa namna tatu, na namna hizo hazipatani.

Babu mzaa mama alifanya kazi kwenye genge la njia, enzi za Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kukaza boliti, kupiga kokoto chini ya mataruma, yale mapau yanayolazwa chini ya reli kuishikilia, na kutembea na reli asubuhi kabla treni haijapita. Mataruma yenyewe yalikuwa ya chuma, kwa sababu yale ya mbao yangeliwa na mchwa wa huku kwetu. Hakuwahi kuizungumzia treni kama safari. Aliizungumzia kama mtu anavyozungumzia ng'ombe mwenye kwato mbovu: maungio yanalia vipi, tuta limelegea wapi, mto umeanza kula kingo kutokea upande gani. Nilipokuwa mdogo nilidhani anachosha. Leo naona kwamba ni yeye pekee katika familia aliyeijua reli, sisi wengine tuliipanda tu.

Baba alisoma sekondari Tabora na kusafiri kwa waranti ya serikali, yaani hati ya nauli inayolipwa na serikali, daraja la tatu, amekaa juu ya sanduku lake la bati. Kumbukumbu zake zote ni za kuchelewa: treni imesimama porini kupisha nyingine kwa kuwa njia ni moja, maji yamekwisha behewani, shule imefunguliwa tangu juzi. Alipokuwa akisimulia alicheka, nasi tukacheka naye, na katika kucheka huko tukadhani kwamba alikuwa na furaha wakati ule. Hakuwa nayo.

Mama, kwa upande wake, alilelewa Saranda, stesheni ya mkoa wa Singida ambako abiria walizoea kununua chakula. Bibi aliuza kuku wa kuchoma, mayai na viazi, na mama alipokuwa msichana ndiye aliyekimbia chini ya madirisha ya mabehewa akiwa na sinia kichwani, akipokea hela kwanza kisha akitoa chakula, kwa sababu treni ikianza kuondoka mwenye kudaiwa ni muuzaji. Kwake treni ikichelewa kuondoka ilikuwa baraka. Siku ambayo kichwa cha treni kimeharibika Saranda ilikuwa siku ya kununua sare za shule. Saa zilezile ambazo baba alizilaani ndizo zilizomlipia mama karo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoitetea reli ya zamani kwa kumbukumbu tamu. Utamu huo ulitokana na kusimama, na kusimama kwa muda mrefu aghalabu kulitokana na ubovu, njia moja na uchache wa vichwa vya treni. Hatuwezi kuitaka serikali irudishe ubovu ili wauza kuku wapate wateja. Zaidi ya hayo, kumbukumbu ya familia huchagua. Hakuna nyumbani kwetu aliyesimulia kwamba reli ilikuwapo tayari wakati Ugogo ulipokumbwa na njaa ya Mtunya, baina ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, walioingia Dodoma Julai 1916, kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Reli haikuwaokoa watu wale. Iliwarahisishia wenye majeshi kazi yao. Vilevile, tunapoisifu treni ya usiku huwa tunairuka Igandu. Juni 24, 2002, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda kuelekea Dodoma ilirudi nyuma bila breki na kugonga treni ya mizigo, watu 281 wakapoteza maisha. Kuna familia nyingi mkoani hapa ambazo kumbukumbu yao ya reli ni hiyo moja, na mjadala wowote unaoiacha nje haujakamilika.

Upande wa gharama nao una uzito. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe kinapita kando ya Mto Mkondoa, na mto huo haujawahi kukubali kuwa jirani mwema. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 yalisomba njia kiasi kwamba safari zilikatika kwa miezi, na treni ya kwenda Kigoma ikawa inaanzia hapa Dodoma. Kila masika fedha hutiwa kwenye tuta lilelile. Mwenye hoja ya kufunga huduma ya abiria anauliza, na swali lake ni halali, kwa nini taifa lililokwisha kujenga madaraja na mahandaki mapya katika milima hiyohiyo liendelee kulipa mara mbili. Anaongeza kwamba reli mbili hizi haziwezi kusaidiana: ya zamani ina upana wa mita moja, mpya milimita 1,435, hivyo behewa la huku haliingii kule.

Lakini tazama orodha ya stesheni. Kati ya Morogoro na Dodoma reli mpya ina Mkata, Kilosa, Kidete, Gulwe na Igandu. Godegode, stesheni ya reli ya zamani, haimo, Msagali haimo, Kikombo haimo. Magharibi ya Dodoma ina Bahi na Makutupora; Kigwe na Kintinku zimerukwa. Simlaumu mhandisi, kwa sababu treni ya kasi inayosimama kila baada ya kilomita 15 si treni ya kasi tena. Ninachosema ni kwamba reli hizi mbili hazifanyi kazi moja, na kwa hiyo kusema kwamba moja imeichukulia nyingine nafasi ni kukosea hesabu. Abiria wa umeme hukaguliwa mizigo yake kama wa uwanja wa ndege na huwekewa kikomo cha anachobeba, jambo linalofaa kabisa kwa treni ile. Mama mwenye magunia mawili ya ubuyu na tenga la kuku hajakatazwa kusafiri. Amejikuta tu hana chombo.

Wapo wanaojibu kwamba zipo bajaji, bodaboda na mabasi madogo. Ni kweli wakati wa kiangazi. Kifuku kikiingia, vijito vya Ugogo ambavyo mwaka mzima ni mchanga mtupu hujaa kwa saa moja na kukata barabara za vumbi kwa siku kadhaa, na hapo tuta la reli ndilo linalobaki kuwa njia ya miguu, ya baiskeli na ya kumpeleka mzazi hospitali. Historia ya eneo hili inaonyesha pia kwamba reli iliyong'olewa hairudi kwa urahisi. Tawi la Manyoni kwenda Kinyangiri, lililojengwa miaka ya 1930, liling'olewa miaka ya 1940 kwa kuwa halikulipa. Ikabidi miongo kadhaa baadaye njia ya takriban kilomita 115 ijengwe upya hadi Singida. Tawi la Msagali kwenda Kongwa, lililoletwa na mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, lilikufa baada ya mradi kufa, na halikurudi kabisa.

Nikipima pande zote mbili, nawaunga mkono wanaosema kwamba treni ya zamani ya masafa marefu kutoka Dar es Salaam haina tena sababu ya kupita usiku kucha kuja Dodoma. Kipande cha Mkondoa kiachiwe mizigo, na abiria wa Dar es Salaam wapande umeme. Siwaungi mkono wanapovuka kutoka hapo na kuhitimisha kwamba abiria wa reli ya mita moja hayupo. Mafuriko ya 2010 yalituonyesha, bila kukusudia, kwamba safari inaweza kuanzia Dodoma. Treni fupi ya mabehewa machache, yenye behewa moja la vifurushi, ikienda mchana Gulwe na kurudi, na siku nyingine ikienda Manyoni kupitia Kigwe, Kintinku na Saranda, isingehitaji kasi wala bufee. Ingehitaji ratiba inayoheshimiwa, breki zinazokaguliwa na watu wa genge wanaotembea na njia asubuhi kama babu alivyotembea.

Treni hiyo haitajilipa kwa tiketi. Tusidanganyane kuhusu hilo, kwa maana nauli ya stesheni mbili ni ndogo, na wengi watapanda na mzigo unaozidi thamani ya nauli yao mara kumi. Barabara ya vijijini nayo hailipi, na hakuna anayependekeza ifungwe kwa sababu hiyo. Kinachotakiwa kabla ya uamuzi wowote ni kuwahesabu watu wanaoshuka Godegode, Msagali, Kikombo, Kigwe na Kintinku, pamoja na kuandika walichobeba na njia waliyoitumia kufika stesheni. Hesabu hiyo isifanywe Agosti, wakati kila korongo ni kavu na kila bodaboda inapita. Ifanywe Februari.