Uzaliwe Ikulu, Halafu Uwe wa Mwisho

Jamani, sisi vitinda mimba tumeonewa tangu enzi na enzi. Kwetu shati likinifikia limeshapita kwa kaka wawili, kola imelegea, na bado naambiwa, "Sema asante." Eti afadhali ningezaliwa ikulu. Thubutu!

Mchukue Henry, mtoto wa mwisho wa William, yule aliyeiteka Uingereza mwaka 1066. Mzee anakata roho mwaka 1087: Robert, kaka mkubwa, kaachiwa Normandy, jimbo la baba yao kule Ufaransa. William Rufus kaachiwa Uingereza. Henry? Pauni 5,000 za fedha, na ardhi hata ya kuotesha kitunguu hana! Inasemekana aliipima fedha yote asipunjwe. Namwelewa kabisa.

Robert naye mkono unavuja, haukupita muda mrefu akaishiwa, akamuuzia mdogo wake Cotentin, kipande cha Normandy hiyo hiyo. Yaani mali ya baba yako, unauziwa! Halafu mwaka 1091 hao kaka wawili, watu wasiopikika chungu kimoja, wakapatana ghafla. Kwa lipi? Kumtimua Henry. Wakamzingira kule Mont-Saint-Michel, mlima ambao bahari ikijaa unageuka kisiwa. Maji kila upande, ya kunywa hakuna. Robert akaona huruma, akaruhusu ndugu yake apate maji. Rufus akaja juu kama vile yamechotwa jikoni kwake.

Lakini tairi la spea lina siku yake. Tarehe 2 Agosti 1100 wako mawindoni, Rufus akapigwa mshale, chali. Unadhani Henry alikaa matanga? Mbio hadi mji wa Winchester kwenye hazina ya ufalme, na tarehe 5 taji liko kichwani, Robert yuko njiani anatoka Vita vya Msalaba. Miaka sita baadaye akamkamata Robert, akamfunga mpaka kifo, miaka 28. Yule yule aliyemwonea huruma ya maji! Hapo, ndugu yangu, ulizidisha.

Wengine hata mshale haukuwasaidia. Edmund, mtoto wa kiume wa pili wa Henry III, mfalme wa Uingereza wa karne ya 13, alipewa na Papa ufalme wa Sisilia akiwa na miaka 9. Zawadi yenyewe ina bili: zaidi ya marki 135,000, fedha ya enzi hizo, na kisiwani kuna bwana mmoja, Manfred, anajitawalia. Mwaka 1257 baba mtu akamvalisha mtoto mavazi ya Apulia, sehemu ya ufalme huo, akamsimamisha mbele ya wakubwa wa nchi wamwone mfalme. Wakamwona, kapendeza. Kisha wakauliza nani analipa.